Udongo Usioshindiliwa

Jumanne, 10 Mei 1994. Njombe

Mvua ya mwisho-mwisho. Ukungu mpaka saa nne asubuhi.

Nimenunua daftari. Miaka yote kwenye greda la kuchonga barabara tulikuwa tunaandika kila jioni: saa za injini, dizeli, hali ya hewa, tumefika wapi. Greda wameliuza, mimi wamenipunguza, mkono bado unadai kuandika ikifika jioni. Basi uandike. Wa kusoma hayupo.

Hali ya nyumba: mwanetu Fidelis ana kwake siku hizi, tumebaki mimi, redio, na maua ya Paskalina. Mwenyewe yuko Makambako tangu Pasaka ilipopita, anauza mitumba kwenye fremu ya bwana mmoja anaitwa Hamis. Hakuna ugomvi. Alisema twende wote. Nikasema mimi siwezi kukaa nyuma ya duka la mke wangu kuchambua soksi. Akasema haya. Akafunga mizigo. Cherehani ikaenda, kabati la vyombo likaenda. Maua yamebaki kwa sababu chumba chake kule hakina dirisha la maana, ni giza tupu. Mlangoni aliniachia neno moja tu: niyabadilishie udongo, umechoka, yeye hakupata nafasi.

Leo nimeubadilisha. Kazi ya udongo naijua — labda ndiyo kazi pekee ninayoijua. Changarawe chini. Juu yake moramu nyekundu niliyochimba kule mteremkoni. Mfinyanzi kidogo ili ishikane. Kila tabaka nimenyunyizia maji, nimeshindilia kwa mchi wa kinu. Makopo yote, moja baada ya jingine, mpaka mabega yakauma. Nimegonga kwa kidole: ngumu safi. Hapo lori likipita haliachi alama.

Alhamisi, 12 Mei

Yamesimama wima kama askari. Halitikisiki hata moja.

Sina jingine la kuandika.

Jumamosi, 21 Mei

Jua kidogo. Umeme umekatika tangu jana.

Maji hayashuki. Nimemwagilia asubuhi, mpaka sasa jioni yamesimama juu ya udongo, yanatazamana na mimi. Na majani yameanza kuwa njano.

Niyaandike hapa yalivyo, nijue huko mbele limepungua lipi. Askofu — lile la zambarau, cheo hicho alipewa na Paskalina. Sista — majani marefu yenye mstari mweupe, na kwa mtu anayeitwa Sista ana watoto wengi mno, wananing'inia kila upande. Begonia mbili, za kutoka Lugarawa. Mama mkwe alikuwa amelazwa hospitali ya misheni na mtawa mmoja akamkatia vijiti. Mpira, ule mti wa mpira, mrefu, anakaribia dari. Na la Lupingu.

La Lupingu halina jina jingine. Majani manene yanayong'aa, shina jekundu. Ndilo la zamani kuliko yote. Nilikuwa na greda upande wa Ludewa mwaka tuliooana, naye akanifuata kambini. Jumapili moja tulishuka mpaka Lupingu, ziwani. Akaliona limeota kwenye ufa wa jiwe, akalichomoa, akalifunga kwenye pembe ya kanga, na kesho yake akalipakata juu ya greda kutoka kule chini mpaka kambini. Opereta haruhusiwi kupakia mtu. Nilimpakia.

Kristina amekuja na maziwa. Huyu ni jirani yetu wa ng'ambo ya uzio, amesoma shule kule Kidugala, ana ng'ombe mmoja na maneno ya ng'ombe kumi. Akachomeka kidole kwenye kopo la Askofu. Hakikuingia. Akaokota kijiti. Kijiti kikavunjika. Akacheka mpaka akakaa kizingitini.

"Baba Fidelis," akasema alipopata pumzi, "hapa umepanda ua au umejenga barabara?"

Nikamweleza kwamba nimeshindilia ili yasiyumbe. Akasema mizizi nayo inapumua, nimeizika ikiwa hai. Sikupenda. Ana kicheko cha kusikika mpaka sokoni. Lakini kijiti kilivunjika, nilikiona.

Jumapili, 5 Juni

Sikukuu ya Ekaristi. Baridi imeingia rasmi.

Paskalina alikuja na basi la asubuhi kwa ajili ya maandamano. Nilimwona katikati ya akina mama wenzake, amevaa sare, amenenepa kidogo. Amependeza. Baada ya misa tukaja wote nyumbani, nimepika mwenyewe, amekula bila kusema chumvi imezidi. Ilikuwa imezidi.

Aliyatazama maua kwanza, ndipo akanitazama mimi. Begonia zimekufa zote mbili. Nilikuwa sijazitupa, sijui nilikuwa nasubiri nini. Akachomeka kidole kwenye kopo moja, kikagoma kuingia kama cha Kristina. Nikajiandaa kugombezwa. Nilikuwa na majibu tayari, mazuri, ya kitaalamu. Hakugomba. Akavunja kijiti kilichokauka, akakishika, akasema haya. Ile haya yake ya siku ya kufunga mizigo.

Angenigombeza ningefurahi. Naandika kama ilivyo.

Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayepanga safari ya kawaida, kwamba Hamis anamtobolea dirisha kubwa na kuweka kioo. Baridi ikipungua, mwezi wa nane katikati, atakuja na pikapu kuyachukua yote yaliyobaki. Nikasema sawa. Nikamsindikiza stendi. Tukaongea habari za bei ya viazi.

Niliporudi nikazunguka nyumba. Nguo zake hakuna. Vyombo hakuna. Picha ya harusi aliondoka nayo tangu mwanzo, alisema kioo kimepasuka na Makambako wanabadilisha. Kilichobaki chake humu ni maua.

Jumatatu, 6 Juni

Nimepita kilabuni. Alois, tuliyekuwa naye karakana, ameniuliza mama yuko wapi. Nikamwambia biashara. Akasema ehe. Ulanzi wenyewe, pombe ya mwanzi, umeshachacha, msimu umekwisha. Nimerudi mapema.

Jumatano, 15 Juni

Kavu. Upepo wa kusini.

Nimevunja barabara yangu. Nimetumia bisibisi na nyundo. Askofu ametoka na bonge lote kama tofali. Mizizi imebanwa, myeupe, mifupi, imejikunja pembeni mwa kopo inatafuta pa kutokea. Sikufurahi kuiona.

Nilikwenda kwa Kristina kwa miguu yangu mwenyewe kumwomba anionyeshe. Ilikuwa ngumu kuliko kuvunja moramu. Nilitegemea acheke, safari hii hakucheka, alichukua kikapu tukaondoka. Tumefika kwenye miti ya miwati kule juu, akafukua majani makavu, chini yake kuna udongo mweusi, mwepesi, ukiunusa unanuka uyoga. Huo ndio mwili wa kazi. Mchanga tumeuteka mtoni Ruhuji, nimeuosha mpaka maji yakatoka meupe. Samadi ametoa kwenye banda lake, ile ya zamani isiyo na harufu. Maranda tumezoa nyuma ya mashine ya mbao — siyo yale mapya ya njano, hayo anasema yanamnyang'anya mmea chakula chake. Tumechukua ya chini kabisa, yameoza, yamekuwa rangi ya majivu. Na vipande vya mkaa vya kuweka chini ya kopo badala ya changarawe yangu.

Kipimo ni kiganja. Hapo ndipo nilipopata akili. Sisi barabarani tulikuwa tunauloanisha udongo, tunaubana mkononi, tunaufungua: donge likishika, mwite wa rola apite. Kwa maua, unabana, unafungua, unaligusa kwa kidole gumba — linatakiwa lisambaratike lenyewe. Likishika umekosea. Kipimo kilekile, jibu limegeuzwa!

Nimechanganya, nimebana, limeshika. Nimeongeza mchanga. Limeshika. Nimeongeza maranda. Limepasuka vizuri.

Nimejaza makopo kwa mkono. Nilipomaliza mkono ulitaka kugandamiza juu. Nikauweka mfukoni.

Jumapili, 26 Juni

Sakitu. Asubuhi majani ya nje yote meupe, yanavunjika ukiyakanyaga.

Nimeyaingiza maua sebuleni, nimeyapanga kuzunguka jiko la mkaa, mbali kidogo, mlango nimeuacha wazi kiasi kwa sababu ya hewa ya mkaa. Nimekaa hapo na koti la kazini na blanketi. Mgeni akiingia angedhani ni kikao, na mimi ndiye mtuhumiwa.

Maji: vuguvugu, mchana, na siyo kila siku. Kwanza kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na udongo, bado. Kikitoka kikavu, mpe. Mwanzo nilikuwa namwagilia kwa huruma, kila nikipita. Huruma yangu ilikuwa inayazamisha.

Ijumaa, 1 Julai

Askofu ametoa jani. Dogo, limekunjwa, zambarau iliyokolea kuliko yale mengine.

Nilifurahi. Nilifurahi sana, hata nikasimama katikati ya sebule nikatafuta wa kumwambia. Nikaenda kumwambia Kristina. Akasema ndiyo kazi ya ua, kutoa majani, angeshangaa kama lingetoa viatu. Akanipa chai lakini.

La Lupingu nalo limekaza. Halijatoa kitu, ila halidondoshi.

Jumanne, 12 Julai

Leo nimemfahamu huyo Hamis.

Alikuja na pikapu kununua viazi, akapita hapa na salamu. Mtu mpole, wa pwani kwa asili, amevua viatu mlangoni ijapokuwa nilimwambia aingie navyo. Ameleta sukari na furushi dogo kutoka kwa Paskalina. Ndani kuna soksi nene za sufu, mitumba, nzima kabisa. Nimezivaa alipoondoka.

Ameyasifia maua, ameuliza kama kweli nayatunza mwenyewe. Akasema dirisha limekamilika, vioo viwili, jua linaingia mpaka kitandani. Mama Fidelis ameshapanga kila ua litakaa wapi. Chumba ni kikubwa, akasema, nafasi ipo mzee wangu, nafasi ipo. Alirudia. Nikamuuliza bei ya viazi.

Jioni nilimweleza Kristina uzioni. Nilieleza kama habari tu. Yeye akaweka ndoo chini.

"Akishachukua maua, Baba Fidelis, hana cha kumrudisha hapa," akasema. "Ujue hivyo."

Alisema bila kucheka. Ni mara chache sana namsikia akisema kitu bila kucheka.

Jumamosi, 23 Julai

Baridi kavu. Mikono imepasuka.

Kazi ya wiki nzima imeisha. Mimea imekua, mizizi inahitaji nafasi. Hilo mtu yeyote anayejua maua atakubali. Nilipata mapipa ya lami kule karakana ya zamani, hakuna anayeyataka, nikayakata katikati kwa tindo. Nikatoboa matundu chini. Askofu amepata nusu pipa lake, Sista lake, Mpira lake. La Lupingu nimelifinyangia chungu cha saruji, nimetumia ndoo kama fomu, nimekinakshi kwa kijiko pembeni. Ndicho chombo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Udongo ni uleule mzuri, mwingi, sikushindilia hata punje.

Mapipa sasa yako sebuleni. Kuyaingiza tulikuwa wanaume watatu na Alois akaumia kidole.

Kristina amechungulia. Ameyatazama, amenitazama. Akauliza pikapu ya Hamis itayabebaje haya. Nikamwambia hilo ni suala la usafirishaji, siyo la udongo.

Sikufanya makusudi.

Haya. Nilifanya makusudi.

Jumatatu, 1 Agosti

La Lupingu limedondosha majani. Manne, yamelainika, ukiyabana yanatoka maji. Udongo wa juu mkavu. Nimeweka kidole: mkavu. Nimempa maji.

Sielewi.

Jumatano, 3 Agosti

Mengine. Shina limeanza kuwa jeusi kwa chini.

Redio inasema habari za bei ya mahindi. Nimeizima.

Alhamisi, 4 Agosti

Nimelichimbua.

Juu pakavu, chini uji. Nimezamisha mkono wote kwenye chungu nikautoa umeloa mpaka kwenye saa. Mizizi imeoza, ya kahawia, inanuka. Nimekaa sakafuni nikafikiri kama tulivyokuwa tunafikiri barabara ikititia. Maji yanatoka wapi, yanakwenda wapi. Mmea mdogo, udongo mwingi, baridi. Maji yapo, wa kuyanywa hayupo. Nikampa nafasi kubwa kuliko mizizi yake, nikadhani nimemtendea wema. Udongo ulikuwa sahihi. Chombo ndicho kibaya.

Na nilijua! Nililiona lilikoota. Ufa wa jiwe, udongo usiojaza hata kiganja, na lilikuwa linang'aa.

Basi. Nimekata vijiti vilivyo vizima, vitatu vimefaa, vingine nimetupa. Kristina amesema viache vikauke kidonda kwanza, kesho ndipo uvipande. Chombo nimeshakipata: mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kugemea ulanzi. Nimetoboa chini kwa msumari wa moto. Mkaa, mchanga mwingi, maranda yaliyooza, udongo mweusi kidogo sana. Kwa ukubwa, mbeta inaingia kwenye mfuko wa koti.

Maana yake naijua. Chungu cha saruji hakiondoki humu. Mbeta inaondoka na mtu yeyote, hata mtoto. Likipona litakwenda Makambako, na la kuniletea Paskalina halipo tena. Nisipolitoa linakufa hapahapa, ndani ya kazi yangu nzuri.

Nililitoa. Iliniuma. Sikutegemea kwamba ingeniuma kiasi hiki, kwa kijiti.

Ijumaa, 5 Agosti

Nimevipanda vile vijiti. Na nilipokuwa nimeshachafuka, nimeyatoa na mengine kwenye mapipa. Sista naye alikuwa ameanza kuoza pembeni. Yamerudi kwenye makopo ya rangi na ya mafuta ya kupikia. Mapipa nimeyabingirisha nyuma ya nyumba, moja moja, peke yangu. Chungu cha saruji nacho. Mgongo umekataa kunyooka.

Mtu mmoja na kopo mkononi — yote yanabebeka sasa.

Jumapili, 14 Agosti

Jua zuri. Misa ya kwanza.

Kondakta wa basi la Makambako ameniletea ujumbe wa mdomo: Jumamosi. Hakuna jingine. Nikamuuliza amesema nini zaidi, akasema mama amesema Jumamosi.

Vijiti viwili kati ya vitatu vimeshika. Kimoja kina ncha nyekundu, ndogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Nimekivutia dirishani, nikakirudisha, nikakivutia tena.

Udongo wa Makambako siujui vizuri, niliupita tu na greda miaka ya nyuma. Mwekundu, na upepo ule unakausha kila kitu. Hautafaa peke yake. Nitamfungia gunia la mchanganyiko wangu aende nalo.

Ijumaa, 19 Agosti

Gunia limejaa. Nimebana, nimefungua, limesambaratika. Nimefuta majani yote kwa kitambaa kilicholoa, jani kwa jani, juu na chini.

Nimekata nywele.

Jumamosi, 20 Agosti

Naandika nimesimama. Sina muda.

Wamefika saa tano, yeye na Hamis. Hamis amebaki garini kwanza, amesema anaangalia tairi, na tairi lilikuwa zima. Paskalina ameingia. Safari hii nilimpokea kikapu, tukasalimiana kamwene kama watu wa kijijini kwetu, sijui kwa nini, siku zote tunasalimiana Kiswahili. Akachutama mbele ya Askofu. Akachomeka kidole. Kikaingia chote.

Akakaa hivyohivyo na kidole ndani ya kopo. Nikajifanya natafuta kitambaa.

Akaenda kwa Sista, kwa Mpira, kote kidole kinaingia. Akauliza la Lupingu liko wapi. Nikamwonyesha mbeta dirishani. Hakulitambua. Nikamweleza: lilikuwa linakufa, hili ndilo lililobaki. Akaliinua, akaligeuza kwenye mwanga, akaiona ile ncha nyekundu. Akalirudisha taratibu kuliko alivyolichukua.

Kisha akatoka nyuma kunawa mikono. Nilisahau kabisa. Nyuma kuna mapipa, na kuna chungu cha saruji na nakshi zake za kijiko. Nilipomfuata alikuwa anakisukuma kwa mguu. Hakikusogea. Akayatazama mapipa, ana akili, alishaelewa.

"Na haya, Baba Fidelis?"

Nikamwambia yalikuwa makubwa mno. Yanaozesha.

Akaziba mdomo na upande wa kitenge. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mabega yote yanatikisika, mpaka akaegemea ukuta. Nami nikaanza. Sijui tulikuwa tunacheka nini hasa. Kristina alichungulia uzioni, akaona, akarudi ndani. Hata maziwa hakuleta.

Tukaanza kupakia. Hamis kapanga makopo nyuma, kayakingia viroba vya viazi yasianguke. Nikaleta gunia la udongo. Paskalina akauliza humu umechanganya nini. Nikamweleza miwati, mchanga wa mto, maranda ya chini, samadi isiyonuka. Nikamwambia abane. Akabana, akafungua, limeshika. Nikamwambia umebana kwa hasira. Akabana tena, limeshika. Nikamshika mkono nikamwonyesha, namna ya kubana bila kukamua. Likapasuka. Mkono wake sikuuachia hapohapo.

Akasema yeye na duka na upepo ule hataweza, maua yatamfia. Nikasema gunia hili litamtosha.

"Gunia litaisha, Baba Fidelis," akasema.

Nikamwambia nitamtumia jingine kwa Hamis. Akajipangusa udongo mikononi, akamchukua Sista na watoto wake wote wanaoning'inia, akaenda garini.

Sasa iko hivi. Makopo yako nyuma. Mbeta imebaki kizingitini, haiwezi kukaa nyuma, upepo wa njiani utakatakata vile vijiti. Nimemwambia mbeta isisahaulike. Amesema hajaisahau, hiyo ni ya kupakatwa, na yeye mikono imejaa Sista. Hamis ameshika usukani, anatazama mbele, ana adabu mtu huyu. Mlango wa pili uko wazi. Paskalina amesimama kando ya mlango, hajapanda. Nafasi ya katikati iko tupu.

Hajaniambia panda. Ningesubiri aniambie, na najua hataniambia.

Nimesema naingia kuchukua koti. Sijasema naenda. Makambako kuna upepo na mtu aliyesimama nje anahitaji koti, basi. Na kama ni kwenda ni kuuona udongo wa kule tu, kuupima, kuona unataka mchanga kiasi gani. Siku chache. Chumba kiko nyuma ya duka, najua kiko nyuma ya duka.

Soksi nimevaa zile.

Hamis amepiga honi mara moja, kidogo. Dirisha nimefunga. Jiko nimelimwagia maji. Mwandiko umepinda kwa sababu mkono mmoja umeshika mbeta.